Pamba ya Bt ina sumu kweli, lakini ni sumu kwa nani?

"Salaam, mtaalamu. Ninalima pamba ekari 3 upande wa Mpeketoni, Lamu, na nina mbuzi na mizinga michache ya nyuki. Msimu uliopita nilipanda pamba ya Bt kwa mara ya kwanza. Funza wa vitumba walipungua kweli, lakini vidukari na kangambili walijaa hadi nikalazimika kupuliza dawa. Karibu na mwisho wa mavuno nilipasua vitumba kadhaa nikakuta funza wa rangi ya waridi ndani yake. Jirani yangu mmoja anasema mmea huo wenyewe ni sumu: mbuzi wakila majani na mabua watakufa, nyuki watakwisha, na sisi tunaopikia mafuta ya mbegu za pamba tutapata saratani. Mwingine anasema niliuziwa mbegu bandia, kwani Bt ya kweli haipulizwi dawa. Nimeweka mbegu kidogo nilizozitoa kwa mkono ili nipande tena mvua zikija, maana bei ya dukani ni kali. Je, niendelee na mbegu hii au nirudie ile ya zamani?"

Jirani yako wa kwanza amesema jambo moja la kweli: mmea huo una sumu. Sitalizunguka kwa kuiita "kinga ya kisasa" kama yanavyofanya matangazo ya mbegu. Ni sumu, imewekwa kwa makusudi, na imo kwenye majani, maua na vitumba tangu mche unapochipua. Alipopotea ni pale anapodhani kwamba kinachomwua kiwavi lazima kimwue na mbuzi. Jirani wa pili naye amekosea kwa namna yake, nitamfikia. Ila nikwambie mapema: katika barua yako yote, kilichonishtua si mbuzi wala mafuta. Ni wale funza wa rangi ya waridi, na zile mbegu ulizoziweka kando.

Sumu yenyewe asili yake ni bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, na Bt ni kifupi cha jina hilo. Mwaka 1901 Mjapani Ishiwata Shigetane alimkuta ndani ya viwavi wa hariri waliokuwa wakifa ghafla, na mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akamkuta tena kwa nondo wa unga huko Thuringia. Kufikia 1938 Wafaransa walikuwa wakimuuza kama dawa ya wadudu. Hadi leo, ukiingia agroveti ukaulizia dawa ya viwavi wa sukumawiki inayokubalika katika kilimo hai, huenda ukapewa bakteria huyu huyu kwenye pakiti. Kiwanda cha Kibaha, Tanzania, nacho hutengeneza viuadudu vya bakteria vya kuulia viluwiluwi vya mbu, na kimojawapo kinatokana na aina ya Bt iliyogunduliwa jangwa la Negev, Israeli, mwaka 1976.

Nimeitaja Kibaha kwa sababu inaonyesha jambo ambalo kelele za GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, hulifunika. Bt si sumu moja. Ni ukoo mkubwa wa protini, na kila protini ina wadudu wake. Ile ya kuua viluwiluwi vya mbu haimshughulishi funza wa pamba. Pamba ya Bt iliyoidhinishwa Kenya mwishoni mwa 2019 imewekewa jeni za protini 2, Cry1Ac na Cry2Ab, na zote 2 zinalenga hasa viwavi, yaani watoto wa nondo na vipepeo.

Kazi yake inakwenda hivi. Funza anatoboa kitumba na kumeza kipande cha mmea pamoja na protini iliyomo. Tumbo la mtu lina asidi kali kuliko ndimu, lakini utumbo wa kiwavi ni kama maji ya magadi. Katika magadi hayo protini huyeyuka, kisha vimeng'enya vya funza mwenyewe huikata na kubakiza kipande chenye makali. Kipande hicho kinatafuta vipokezi maalumu kwenye ukuta wa utumbo, kinajibandika, kinaungana na vingine, na kwa pamoja vinatoboa tundu kwenye seli. Maji na chumvi huingia ovyo, seli inavimba na kupasuka. Ndani ya saa chache funza anaacha kula, na baada ya siku 2 au 3 anakufa, kwa njaa na kwa bakteria wa utumboni waliovujia mwilini mwake. Ndiyo maana kwenye pamba ya Bt utaona vitumba vyenye mikwaruzo midogo na funza wadogo kabisa ambao bado wako hai. Lazima aume kwanza ndipo afe. Usimhesabu huyo kuwa ameishinda mbegu.

Wenzangu wengi huishia kwenye ndimu na magadi, wakasema basi binadamu yuko salama. Hoja hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa katika baadhi ya mimea ya Bt protini imewekwa ikiwa imeshafupishwa, haihitaji tena magadi ya kuiyeyusha. Kinga iliyo kubwa zaidi ni vile vipokezi. Ukuta wa utumbo wetu, wa mbuzi, wa kuku na wa samaki hauna mahali pa kujibandika protini hizi. Bila kujibandika hakuna tundu, na protini inasagwa tumboni kama protini ya maharagwe.

Sasa saratani. Uvumi huo una chanzo kinachojulikana. Mwezi Septemba 2012 timu ya Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa ilitoa utafiti wenye picha za panya waliojaa uvimbe, na Novemba mwaka huohuo serikali ya Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Watu wachache walisoma kilichoandikwa. Mahindi waliyolishwa panya hao yalikuwa NK603, yaliyobadilishwa ili yasife kwa dawa ya magugu. Hayakuwa na Bt hata chembe. Tena jarida lililochapisha utafiti huo liliufuta mwaka 2013, kwa sababu panya walikuwa wachache katika kila kundi na ni wa aina ambayo hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka, hata wakila chakula cha kawaida. Waandishi waliuchapisha tena kwingine mwaka 2014, na kila upande ukabaki na lake. Lakini kuutumia kuihukumu pamba yako ni kumshitaki asiyekuwapo.

Kama kuna hofu ya kiafya ninayoiheshimu, ni ya mzio. Protini yoyote mpya kwenye chakula inaweza kumletea mtu mzio, na ndiyo maana hupimwa kabla ya kuruhusiwa. Mwaka 2000 huko Marekani mahindi ya StarLink, yenye protini ya Bt iitwayo Cry9C iliyoruhusiwa kwa chakula cha mifugo tu, yalikutwa kwenye chakula cha watu. Bidhaa zikaondolewa madukani, na waliolalamika wakapimwa damu. Hakikuonekana kithibitisho kwamba protini hiyo ndiyo iliyowadhuru. Funzo langu hapo ni kwamba utaratibu wa kutenganisha nafaka ulishindwa kazi, na hilo ni kosa kubwa hata kama haikuthibitika kwamba kuna aliyeugua kwa ajili yake.

Mafuta ya mbegu za pamba yaliyosafishwa kiwandani hayabaki na protini ya kuhesabika, iwe mbegu ni ya Bt au ya zamani. Protini hubaki kwenye mashudu. Lakini kuna sumu nyingine kwenye pamba ambayo jirani yako hakuitaja, nayo imekuwamo tangu enzi za mababu: gosipoli. Hiyo ndiyo rangi ya njano iliyo kwenye vile vidoa vyeusi vidogo ndani ya mbegu. Huko China, vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya pamba viliwafungua wanasayansi macho kwamba gosipoli hupunguza uwezo wa wanaume kuzaa. Kusafisha mafuta kiwandani ndiko kunakoiondoa. Kwa hiyo usikamue mbegu za pamba nyumbani ukapikia, za Bt wala zisizo za Bt. Hofu ya mafuta ya pamba ninayo, ila imekaa mahali tofauti na anapoionyesha jirani.

Gosipoli ndiyo inayotufikisha kwa mbuzi. Mbuzi mzima ana tumbo la kucheua, na vijidudu vilivyomo humsaidia kuihimili kwa kiasi. Ndama na watoto wa mbuzi wanaonyonya hawana uwezo huo, nguruwe na kuku pia. Kuku wa mayai akila mbegu za pamba utaona kiini cha yai kikigeuka rangi ya kijani iliyochafuka. Mkulima anayeona hayo kwa mara ya kwanza baada ya kupanda Bt atailaumu Bt, kumbe hata pamba ya babu yake ingefanya hivyo.

Habari za mbuzi na kondoo kufa si za kutunga, na si vizuri kuzicheka. Mwaka 2006 wafugaji wa Andhra Pradesh, India, walilalamika kwamba kondoo wao walikufa baada ya kuchungwa kwenye mashamba ya pamba ya Bt yaliyovunwa. Mamlaka za India zilipochunguza hazikukuta uthibitisho kwamba protini ya Bt ndiyo iliyoua, na vidole vikaelekezwa kwenye mabaki ya dawa na sumu nyingine za malishoni. Nikiisoma barua yako, naona hatari hiyo hiyo kwako. Umesema mwenyewe ulipuliza dawa ya vidukari na kangambili. Angalia lebo ya chupa hiyo: kuna idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna au kulisha mifugo. Siku hizo zikiwa hazijaisha, usifungulie mbuzi shamba. Zikiisha, waingize mbuzi wazima bila wasiwasi, tena nitakwambia mbele kwa nini nawataka waingie.

Kuhusu nyuki nitasema machache kwa kuwa ushahidi wake hauna utata mwingi. Nyuki si nondo wala kipepeo, na protini hizi hazimshiki. Mwaka 2008 ulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio 25 ya kuwalisha nyuki protini za Bt, wakubwa na mabuu, na haukukuta kwamba zinapunguza uhai wao. Kinachoua nyuki wa wakulima wa pamba ni dawa inayopulizwa mchana maua yakiwa wazi. Puliza jioni nyuki wakisharudi mzingani, na siku hiyo ziba milango ya mizinga kwa wavu. Mwenye haki ya kuuliza zaidi ni mfugaji wa vipepeo, kama wale wa mradi wa Kipepeo kule Gede kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, maana mifugo yake ni ya ukoo uleule wa funza. Hata huyo, chavua ya pamba ni nzito na yenye kunata, haipeperuki mbali na shamba, na vipepeo wake wanakula majani ya miti ya msituni. Ila mashudu au majani ya Bt asiyakaribishe kwenye vizimba.

Haya, jirani wa pili. Anasema Bt ya kweli haipulizwi dawa. Nadhani ameisikia kwa muuzaji, na ahadi hiyo imewavunja moyo wakulima wengi. Vidukari, inzi weupe na kangambili hawatafuni. Wanachoma mmea na kufyonza. Si viwavi, na protini za pamba yako hazikukusudiwa kuwaua. Zaidi ya hapo, ulipoacha kupuliza dawa ya funza uliwapa nafasi. Zamani dawa ya funza ilikuwa inawapunguza na wao bila wewe kujua. China walianza kulima pamba ya Bt mwaka 1997, dawa za funza zikapungua sana, na kufikia 2010 watafiti walikuwa wameonyesha kwamba kunguni wa mimea wanaofyonza wameongezeka kaskazini mwa nchi hiyo, wakahamia hadi kwenye miti ya matunda. Kwa hiyo kupuliza kwako si dalili ya mbegu bandia. Swali ni kama kila upulizaji ulikuwa na sababu. Mapema katika msimu, ukiona vile vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi mgongoni (si kangambili), buibui na mabuu yanayokula vidukari, jipe wiki moja ya kusubiri kabla ya kufungua chupa. Mara nyingi wao humaliza kazi. Kangambili ni habari nyingine, huyo huja vitumba vinapofunguka na kuchafua nyuzi. Dawa yake kubwa ni kuvuna haraka bila kuiacha pamba iliyofunguka ikae shambani.

Sasa tufike kwa funza wa waridi.

Mtoto wa huyu mdudu akianguliwa huwa mweupe mwenye kichwa cheusi. Rangi ya waridi huipata akishakua. Ukikuta funza wa waridi ndani ya kitumba cha Bt, maana yake ameishi humo na ameshiba, na hiyo ndiyo sababu nilishtuka. Sababu zinaweza kuwa kadhaa. Kiasi cha protini kwenye mmea hushuka unapozeeka, hivyo mwisho wa msimu wengine huponyoka. Inawezekana baadhi ya mimea yako haikuwa ya Bt, mbegu zikiwa zimechanganywa njiani. Inawezekana pia si funza wa pamba hata kidogo: kuna nondo anayeshambulia machungwa, pilipili na parachichi ambaye mtoto wake naye ana wekundu huo na huingia vitumba vya pamba, na kuwatofautisha kunahitaji lenzi na jicho lililozoea. Au inawezekana ni mwanzo wa usugu. Kwa barua siwezi kukuamulia ni ipi.

Usugu unakuja hivi. Katika kila kundi kubwa la funza huzaliwa wachache sana ambao vipokezi vyao vina kasoro, na protini haijibandiki. Kwa funza wa pamba, kwa kawaida mdudu huwa sugu akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Nondo sugu akipandana na nondo wa kawaida, watoto wamebeba kasoro upande mmoja tu na bado wanakufa wakila Bt. Akipandana na sugu mwenzake, watoto wote wanapona. Kazi yetu basi ni kuhakikisha kila nondo sugu anayetoka shambani anakuta nondo wa kawaida wengi wa kupandana nao. Hao wa kawaida wanatoka kwenye pamba isiyo ya Bt iliyopandwa karibu, ambayo sisi huiita kimbilio. Wakulima huchukia kusikia hivi, na siwalaumu: unaambiwa ufuge adui kwenye kipande cha shamba lako.

India walipewa Bt mwaka 2002. Kila boksi lilikuwa na gramu 450 za mbegu ya Bt na pakiti ya gramu 120 ya mbegu ya kawaida kwa ajili ya kimbilio. Wengi waliitupa ile pakiti ndogo. Kufikia 2009 funza sugu kwa Cry1Ac alikuwa ameonekana Gujarat, na miaka michache baadaye akaishinda na ile ya protini 2. Arizona, Marekani, wakulima walipanda makimbilio kwa miaka mingi, kisha wakaongeza kuachilia nondo waliohasiwa, na mwaka 2018 serikali ikatangaza kwamba funza huyu amekwisha katika pamba ya nchi hiyo. Mdudu ni yuleyule na protini ni zilezile.

Kwetu watu husema mashamba ya Kenya ni madogo na yenye mchanganyiko, hivyo kimbilio lipo lenyewe. Ni kweli kwa funza wa vitumba wa kawaida, yule wa kijani au kahawia, kwa sababu anakula pia nyanya, mbaazi na mahindi. Funza wa waridi anaishi kwa pamba, na kwa bamia kidogo. Mbaazi za jirani hazikusaidii kitu kwake. Na hata kanuni ya kimbilio si ya wadudu wote: Afrika Kusini, bungua wa mahindi aliyeshinda mahindi ya Bt, ambayo yaliingia huko 1998 na ripoti za usugu zikachapishwa kufikia 2007, alikuja kuonekana kwamba anaweza kuwa sugu kwa kurithi upande mmoja tu. Huyo kimbilio halikumzuia ilivyotarajiwa.

Hapo ndipo mbegu zako za akiba zinaponitia hofu. Mbegu uliyonunua ni chotara, na jeni za Bt zimetoka kwa mzazi mmoja. Kizazi kinachofuata kinagawanyika: kwa hesabu ya urithi, kama robo ya mbegu hukosa Cry1Ac, kama robo hukosa Cry2Ab, na chache hukosa zote 2. Ukizipanda utapata shamba la mimea isiyolingana kwa urefu na kwa mavuno, na funza atakayehama kutoka mmea dhaifu kwenda wenye nguvu atakuwa ameshakua kiasi cha kustahimili dozi ndogo. Huko ni kumzoesha sumu. Naelewa bei ni kali na kwamba wazee wetu walihifadhi mbegu bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini hizo usipande. Usiwape kuku wala watoto wa mbuzi pia, kwa sababu ya ile gosipoli.

Je, uendelee? Mimi si mpiga debe wa Bt. Burkina Faso walianza kuilima kibiashara mwaka 2008, funza wakapungua, wakulima wakaipenda. Mwaka 2016 nchi ikaiacha kwa sababu nyuzi zilikuwa fupi na soko likashusha bei. Jeni ilifanya kazi yake, ila ilikuwa imetiwa kwenye pamba isiyowafaa. Kwa hiyo kabla ya kulipia mbegu, muulize mnunuzi wako au kinu cha kuchambua pamba: nyuzi za msimu uliopita zilikuwaje, na bei ni ileile? Bt haiongezi mavuno yenyewe. Inazuia hasara ya funza, na msimu wenye funza wachache au mvua haba utakuwa umelipia bima usiyoitumia. Piga hesabu kwa daftari: bei ya mbegu kwa ekari, toa gharama ya dawa za funza ulizozikwepa pamoja na kibarua wa kupuliza. Kama jibu ni la kubahatisha, hakuna aibu kurudi kwenye HART 89M, ambayo ni mbegu ya kawaida isiyo ya Bt, ya ukanda wetu, na unaweza kuihifadhi.

Mimi ningekuwa na ekari zako 3 na mbegu halali ikapatikana, ningepanda Bt kwenye sehemu kubwa, na zaidi kidogo ya nusu ekari ningeweka HART 89M, siku zilezile, shamba lilelile. Funza wakizidi hapo kwenye HART unaweza kupuliza, ila si kwa dawa ya Bt ya pakiti. Mbegu ununue yenye lebo ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, ikwangue uhakiki namba yake kwa simu kabla ya kutoka dukani. Uliza pia ofisi ya kilimo ya kaunti kama inaruhusiwa msimu huo, maana tangu marufuku ya GMO iondolewe Oktoba 2022 kesi zimeendelea mahakamani.

Mavuno yakiisha, usiache mabua yasimame yakichipua upya. Funza wa waridi hujificha ndani ya vitumba vilivyobaki akisubiri msimu. Hapa ndipo ninapowataka mbuzi wako: siku za kusubiri dawa zikiisha, waachie wazima shamba wale majani na vitumba vya mabaki, wanakula funza pamoja navyo. Kisha ng'oa mabua uyachome. Ukiweza kuwashawishi majirani wafanye hivyo wiki moja nawe, utakuwa umefanya zaidi ya dawa yoyote.

Msimu ujao, kuanzia vitumba vinapofikia ukubwa, chuma vitumba 20 vya kijani kutoka pembe mbalimbali za Bt, uvipasue. Angalia pia maua yaliyojikunja na kushikana yasifunguke, hiyo ni alama yake. Ukikuta vitumba 2 kati ya 20 vina funza aliyekua, usinunue dawa siku hiyo. Weka funza hao wakiwa hai kwenye chupa yenye matundu madogo pamoja na kipande cha kitumba, chukua na majani ya mimea ileile, umpelekee afisa ugani awafikishe KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Kuna kipimo cha ukanda kinachoonyesha kwa dakika chache kama jani lina protini ya Bt. Jani likiwa halina, una kesi ya mbegu na risiti yako itahitajika. Likiwa nayo na funza ni hai, wataalamu wanapaswa kufika shambani kwako mapema, kwa faida ya Lamu nzima.

Na mbuzi akianza kutoa mate mengi, kutetemeka, kuharisha au mboni za macho kusinyaa baada ya kuingia shambani, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo na umwonyeshe chupa ya dawa uliyopuliza. Akifa, usimchinje kwa kula. Mtu akionyesha dalili hizo baada ya kupuliza, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke hospitali pamoja na lebo ya dawa. Usimpe maziwa kwanza wala usimtapishe.